Mlima Huanzia Wapi?

Huku kwetu Tegeta, upande unaopanda kuelekea Wazo, viwanja vingi vimelala kwenye mteremko. Miaka kadhaa iliyopita majirani wawili walijenga kwa wakati mmoja, mmoja juu na mwingine chini, wakitenganishwa na uzio wa michongoma. Wa chini alilazimika kunyanyua msingi mpaka ukawa ukuta kamili, ndipo akamwaga jamvi. Wa juu alichimba kidogo, akajaza kifusi, akaanza kupandisha kozi za tofali. Kenchi zilipokaa na mabati kugongwa, ukazuka ubishi wa jioni: nyumba ya nani ndefu? Wa chini alihesabu kozi zake tangu ardhini na hakuwa na shaka. Wa juu alisema mabati yake yanayatazama ya mwenzake kutokea juu, kwa hiyo hakuna cha kujadili.

Fundi aliyekuwa anamalizia kupiga ripu akaleta mpira. Kwa asiyeujua, ni mpira mwembamba wa plastiki unaoonyesha ndani, uliojazwa maji bila kuachwa povu la hewa. Mmoja anashika ncha huku, mwingine kule, hata kama kati yao kuna uzio na shimo la choo. Maji yakitulia, yako sawa pande zote mbili, na unapiga alama ya penseli. Pima maji ya mkononi hutosha kwenye kozi ya tofali; mpira ndio unaovuka kiwanja. Akapiga alama zake, akashusha futi kamba, akatoa majibu mawili. Paa la jirani wa juu lilikuwa juu zaidi kwa sentimita 40. Ukuta wa jirani wa chini ulikuwa mrefu zaidi kwa mita mbili na ushei. "Sasa wazee wangu," akasema, "mnataka ndefu au mnataka iliyo juu?"

Nimekuwa nikilikumbuka swali hilo kila ninapokutana na zile orodha za milima mirefu ya sayari, zile zinazotuambia kwamba Olympus Mons wa sayari ya Mirihi una kilomita 21.9, Everest 8.8, Kilimanjaro 5.9, basi shughuli imekwisha. Namba hizo ni sahihi zote. Tatizo ni kwamba hazikuanza kuhesabiwa mahali pamoja, na mara nyingine hazipimi kitu kimoja. Kiswahili kinatupa maneno mawili ya kutenganisha mambo haya, nasi hatuyatumii inavyostahili. Kimo ni urefu wa kitu kutoka unyayoni mpaka utosini. Mtoto hawi na kimo kirefu kwa kupanda juu ya kiti. Mwinuko ni umbali wa mahali kwenda juu kutoka mstari fulani tuliokubaliana. Jirani wa chini alikuwa na kimo. Jirani wa juu alikuwa na mwinuko.

Mita 5,895 za Kilimanjaro ni mwinuko. Zimehesabiwa kutoka usawa wa bahari, na sisi wa Tegeta tunaweza kwenda kuutazama usawa wenyewe kwa nauli ndogo tu: unashuka Kunduchi au Bahari Beach, unasimama mchangani. Ila ukikaa hapo nusu siku utaona kasoro. Siku za bamvua, kati ya maji kujaa na maji kupwa pwani ya Dar es Salaam kuna zaidi ya mita tatu. Siku za maji mafu tofauti hupungua sana. Sasa bahari ipi ndiyo sifuri, ile inayolamba ngazi za hoteli au ile iliyoacha mashua zikilala ubavu kwenye tope? Jibu la wapima ardhi ni wastani. Kifaa cha kupimia maji hufungwa bandarini, husoma kina saa baada ya saa, mwezi baada ya mwezi, na katikati ya kupanda na kushuka kote huko hupatikana mstari mmoja ambao bahari yenyewe huwa inaupita tu bila kutua. Kwa Tanzania Bara, mstari huo umefungwa kwenye kipimo cha maji cha Tanga. Kutoka pwani, mwinuko hubebwa kwenda bara kituo kwa kituo, kwa darubini iliyolazwa sawa na fito zenye namba, na mlima wenyewe humaliziwa kwa kupima pembe kutoka mbali.

Ndiyo maana namba ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, imebadilika mara kwa mara bila mlima kufanya lolote. Hans Meyer alifika kileleni Oktoba 1889 akiwa na Ludwig Purtscheller, na kwa miaka mingi baada ya hapo vitabu na ramani za Wajerumani ziliupa mlima zaidi ya mita 6,000. Zama zile mwinuko wa mahali pa mbali ulikisiwa kwa msukumo wa hewa na kwa joto ambalo maji huchemkia, na hewa ni shahidi anayebadili maneno kila hali ya hewa inapobadilika. Mwaka 1952 upimaji wa Waingereza ulitoa 5,895, ndiyo namba iliyobandikwa kwenye kibao cha Uhuru, pale juu kabisa ya Kibo, na ndiyo tuliyokaririshwa darasani. Mwaka 1999 wataalamu wa chuo cha ardhi cha Dar es Salaam, ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi, walipanda na wenzao wa Karlsruhe, Ujerumani, wakitumia vipokezi vya setelaiti, wakapata 5,892. Msafara mwingine wa mwaka 2008 ukapata 5,891.

Magazeti hupenda kusema mlima "umepungua". Haukupungua. Theluji yake imepungua, na hilo ni jambo zito la peke yake, lakini mwamba wa Uhuru uko palepale. Kilichobadilika ni ufahamu wetu wa mahali bahari ingekuwa kama ingeweza kupita chini ya Kibo. Setelaiti haijui bahari. Yenyewe hupima umbali kutoka kwenye umbo laini la kihesabu, kama yai lililobinywa kidogo juu na chini, linalowakilisha dunia. Ili upate mwinuko, inabidi uulize: kama ningevuta mpira wa fundi kutoka Tanga mpaka chini ya mlima, maji kwenye ncha ya pili yangesimama wapi? Na maji hayo hayalali juu ya lile yai. Mahali penye mwamba mzito chini yake huyavuta maji yakajikusanya. Mahali pepesi huyaachia yakatawanyika. Bahari ya Hindi hii hii inayofika Kunduchi ina bonde kubwa kusini mwa Sri Lanka ambako uso wake uko takriban mita 106 chini ya lile umbo laini. Meli ikipita pale haihisi kuteremka hata kidogo, kwa kuwa timazi na maji hukubaliana daima juu ya kipi ni chini.

Nimeingia kwa kina hapa kwa makusudi, kwa sababu ukishaelewa kwamba sifuri ya Kilimanjaro ni makubaliano, utafika Mirihi bila kutishika. Ila kwanza tucheze na sifuri nyingine mbili tukiwa bado nyumbani.

Dunia ina tumbo. Kutoka kiini chake mpaka usawa wa bahari kwenye ikweta ni kilomita 6,378. Mpaka kwenye ncha za kaskazini na kusini ni 6,357 hivi. Kibo iko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, juu ya tumbo lenyewe. Everest iko nyuzi 28 kaskazini, mahali ambapo tumbo limeanza kuingia ndani. Ukianza kuhesabu kutoka kiini cha dunia, kilele cha Kibo kiko umbali wa takriban kilomita 6,384, na cha Everest 6,382.3. Kwa kipimo hicho Mtanzania anayesimama Uhuru yuko mbali na kiini cha dunia kuliko anayesimama Everest, kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Anayeongoza ni Chimborazo wa Ecuador, mwenye mwinuko wa mita 6,263 tu kutoka baharini, na anatushinda kwa chini ya nusu kilomita. Sisemi twende tukabadilishe vitabu vya jiografia. Nasema tu kwamba ubingwa wa Everest unategemea mahali ulipoanzia futi kamba.

Sifuri ya pili ni unyayo. Tambarare za kuzunguka Moshi ziko chini ya mita 1,000, na Kibo inanyanyuka kutoka hapo peke yake, haijaegemea safu yoyote. Kimo chake basi kinakaribia mita 5,000. Everest, ukiutazama kutoka upande wa Tibet, umesimama juu ya uwanda ambao tayari una karibu mita 5,000. Upande huo kimo chake hakifiki kilomita nne. Huyu ndiye jirani wa juu aliyejenga kwenye kiwanja cha juu. Halafu kuna Mauna Kea wa Hawaii, ambao mwinuko wake ni mita 4,207 na hata Meru yetu inaupita, lakini miguu yake iko kwenye sakafu ya Bahari ya Pasifiki. Kutoka huko chini mpaka kileleni ni zaidi ya kilomita 10.

Mirihi haina bahari, na wapimaji walipofika kule walikuta kiwanja kisicho na mahali pa kutia mpira.

Chombo cha Marekani kiitwacho Mariner 9 kilifika Novemba 1971 na kukuta sayari nzima imefunikwa na dhoruba ya vumbi. Hakikuona bonde wala jangwa, ila madoa manne meusi yaliyojitokeza juu ya vumbi. Vumbi lilipotua polepole, ikadhihirika kuwa madoa yale ni vilele vya volkano nne kubwa kupita zote tulizonazo: tatu zilizojipanga mstari kwenye uwanda wa Tharsis na moja iliyojitenga, Olympus Mons. Wanafalaki walikuwa wamekwishaliona eneo hilo kwa darubini tangu karne ya 19 kama doa jeupe, wakaliita theluji ya Olympus, bila kujua kwamba wanatazama mlima.

Sasa uupime kutoka wapi? Wazo la kwanza lilikuwa hewa. Wakachagua kama sifuri mahali ambapo msukumo wa hewa ya Mirihi ni milibari 6.1, kiwango ambacho chini yake maji hayawezi kudumu kama kimiminika. Ni uchaguzi wenye mantiki na wenye ushairi kidogo: usawa wa bahari isiyokuwepo, uliowekwa pale ambapo bahari isingeweza kuwepo. Lakini hewa ya Mirihi ni ya kaboni dayoksaidi, na majira ya baridi sehemu yake kubwa, kama robo hivi, huganda kwenye ncha za sayari na kushuka chini kama theluji. Majira yakigeuka hugeuka gesi tena na kurudi angani. Sifuri ya hewa huko ina bamvua yake na maji mafu yake, kwa mwaka wa siku 687.

Ndiyo maana vitabu vya miaka ya sabini na themanini vinaupa Olympus Mons kilomita 25, vingine 27. Kisha chombo cha Mars Global Surveyor kilichofika 1997 kikaupiga uso wa sayari kwa miale ya leza mamilioni ya mara, kikapima muda wa kwenda na kurudi wa kila mwale, na kwa mara ya kwanza Mirihi ikawa na ramani ya mwinuko iliyo nadhifu kuliko ya baadhi ya nchi za duniani. Sifuri mpya ikawekwa: uso wa kufikirika ambao maji yangelala kama Mirihi ingekuwa na bahari, wenye wastani wa kilomita 3,396 kutoka kiini kwenye ikweta yake. Huo ndio mpira wa fundi, umejazwa maji ya hesabu. Kutoka kwenye uso huo kilele cha Olympus Mons kina kilomita 21 na ushei. Hizi ndizo ndugu halali wa mita 5,895 zetu, maana zote ni mwinuko kutoka uso tulivu wa maji, moja ya kweli na nyingine ya kuwaza.

Na kimo? Hapo mlima wenyewe unakutania. Kutoka tambarare za chini zilizo mbali kaskazini-magharibi yake mpaka kileleni hukaribia kilomita 26; ukianzia miguuni kabisa ni kama 21 na kitu. Kitako chake kina upana wa takriban kilomita 600. Weka ukingo mmoja hapa Tegeta, na ukingo wa pili utapita Singida. Pembezoni una magenge yanayofika kilomita nane sehemu fulani, maana yake Kibo yote, kutoka baharini mpaka Uhuru, ingejificha nyuma ya genge la mlango wa kuingilia. Lakini ukishapita genge hilo, mteremko ni wa nyuzi tano tu kwa wastani. Dereva wa bodaboda wa Wazo angeuona mwepesi. Mtu aliyesimama katikati ya mlima huo asingejua kuwa yuko mlimani; angeona ardhi imeinama kidogo, basi. Nakiri hili linanipunguzia heshima kwa ubingwa wake. Mlima usioonekana kuwa mlima na mtu aliye juu yake!

Zuhura ni kesi ya tatu, na mimi naiona tamu kuliko zote. Uso wake una joto la nyuzi 460 hivi za Selsiasi na mawingu hayafunguki kamwe, kwa hiyo ilibidi chombo cha Magellan, kati ya 1990 na 1994, kipapase ardhi yake kwa rada. Hakuna bahari, na sayari hiyo haina tumbo la kutajika kwa vile inajizungusha polepole mno. Sifuri yake ikawa rahisi: wastani wa umbali wa uso wote wa mwamba kutoka kiini, kilomita 6,051.8. Kutoka hapo milima ya Maxwell inapanda kilomita 11. Orodha zikasema: Zuhura imeishinda Dunia, 11 kwa 8.8.

Ngoja kwanza. Maxwell amepimwa kutoka wastani wa mwamba. Everest amepimwa kutoka juu ya maji. Hebu tumpime Everest kwa sheria za Zuhura. Bahari zimefunika asilimia 71 ya Dunia na wastani wa kina chake ni kama kilomita 3.7. Nchi kavu ni asilimia 29 na wastani wa mwinuko wake ni kama kilomita 0.8. Changanya vyote, na wastani wa uso wa mwamba wa Dunia unaangukia karibu kilomita 2.4 chini ya usawa wa bahari. Kutoka hapo Everest ana kilomita 11.2, na Kibo 8.3. Sare, au ushindi mwembamba wa Dunia. Kilichoonekana kuwa mlima mrefu zaidi kilikuwa futi kamba iliyoanzia chini zaidi.

Na huenda sare hiyo haikutokea kwa bahati tupu, maana uzito kwenye Zuhura ni kama asilimia 90 ya uzito wa hapa. Hapa ndipo tunapoacha kuuliza mlima unaanzia wapi na kuuliza kwa nini unaishia unapoishia.

Nenda kwenye yadi yoyote ya matofali kando ya Barabara ya Bagamoyo. Hayapangwi mpaka angani, na si kwa sababu ya uvivu: tofali la chini kabisa hubeba yote yaliyo juu yake, na ukizidisha litapasuka. Mlima ni rundo la namna hiyo. Mwamba wa chini unabeba mwamba wote wa juu, na uzito ukizidi, wenyewe haupasuki kwa kishindo bali hulegea na kutanuka pembeni, polepole, kama zege lililomwagwa kabla ya kushika. Kinachoamua mpaka ni ugumu wa mwamba upande mmoja, na upande wa pili nguvu ya sayari ya kuvuta vitu chini. Kwa miamba ya kawaida ya Dunia hesabu ya haraka hutoa kilomita 10 hivi. Mirihi inavuta kwa asilimia 38 tu ya mvuto wetu. Mfuko wa saruji wa kilo 50 unaotoka hapa Wazo, kule saidia fundi angeubeba kama wa kilo 19. Gawanya 10 kwa 0.38, unapata 26. Unaona imeangukia wapi.

Hapo msomaji mwepesi wa hesabu atasema: basi Kibo kwenye Mirihi ingekuwa na kilomita 15. Hapana. Mpaka ni mpaka, haumsukumi mtu kuufikia. Kibo haikusimama kwa sababu mwamba wake wa chini ulichoka. Ilisimama kwa sababu uji wa moto uliacha kuja. Hapo Kilimanjaro, volkano ya Shira ilianza kuota zaidi ya miaka milioni mbili iliyopita, ikafuatiwa na Mawenzi na Kibo, kisha tanuri likapoa. Olympus Mons umerundikwa kwa zaidi ya miaka bilioni moja mahali palepale. Ganda la Dunia limekatwa vipande vinavyotembea. Huko Hawaii ardhi huteleza juu ya chemchemi ya moto kwa sentimita kadhaa kila mwaka, na kila mlima husogezwa kabla haujamaliza kukua, mwingine ukazaliwa nyuma yake, ndiyo maana kuna msururu wa visiwa. Ganda la Mirihi halitembei. Kila kilichotapikwa kiliangukia juu ya kilichotapikwa jana.

Tena Dunia haibebi mzigo kwa ukakamavu. Ukitazama mashua ikipakiwa Kunduchi, kila gunia linaloingia linaishusha kidogo. Ganda la Dunia linaelea namna hiyo hiyo juu ya mwamba wa moto unaonyumbulika, na mlima mkubwa huzama kwa uzito wake mwenyewe: Mauna Loa umeibonyeza sakafu ya bahari kwa karibu kilomita nane. Ganda la Mirihi ni nene na limekauka. Linabeba Olympus Mons bila kubonyea sana. Halafu kuna mvua na barafu. Anayeitazama Mawenzi, mita 5,149 za meno yaliyovunjika, anaona kazi ya maji na baridi. Mirihi hakuna mvua ya kuinyoa milima, ni vumbi na upepo mwembamba.

Kwingineko nitapita upesi. Mwezi una mahali palipo juu kwa mita 10,786 kutoka wastani wake, upande tusiouona, lakini hapo si mlima; ni mwinuko mtupu usio na kimo, ardhi inayopanda taratibu mno. Mlima halisi wa Mwezi, Mons Huygens, una kimo cha kilomita tano na nusu hivi, hauko mbali na Kibo. Io, mwezi wa Mshtarii, una milima ya kilomita 17 na zaidi. Vesta, jiwe la upana wa kilomita 525 linalozunguka Jua kati ya Mirihi na Mshtarii, limepigwa na jiwe jingine mpaka katikati ya shimo pakafura kilima cha zaidi ya kilomita 20 kutoka kwenye sakafu yake. Kwa kimo, hicho kinamkaba Olympus Mons koo, na kinaishi juu ya kitu ambacho kingetoshea ndani ya mipaka ya Tanzania. Mshtarii na Zohali hazina ardhi, kwa hiyo hazina milima, na yeyote anayekuonyesha orodha ya milima mirefu ya "kila sayari" muulize alipoitoa ya huko.

Kwa hukumu yangu, ukitaka kulinganisha milima ya sayari mbalimbali, tumia kimo, kutoka unyayo mpaka kilele, na ukubali kwamba unyayo wa mlima una ubishi wake. Mwinuko unatuambia zaidi kuhusu sayari kuliko kuhusu mlima. Unafaa kwa rubani, kwa mhandisi wa maji, na kwa mpagazi wa Marangu anayetaka kujua hewa itaanza kupungua wapi. Kwa mizani hiyo Olympus Mons na kilima cha Vesta wanabaki wakigombea kiti cha mbele, Mauna Kea anaongoza Dunia, na Kilimanjaro inamzidi Everest wa upande wa Tibet.

Lakini hata sifuri yetu ya hapa nyumbani, hii tunayoiona pale Kunduchi, isichukuliwe kama kitu kilichopigiliwa misumari. Mawe ya kilima cha Wazo, yanayosagwa kuwa saruji tangu 1966, ni ya chokaa ya matumbawe: yaliota chini ya maji. Wakati fulani Tegeta ilikuwa chini ya sifuri. Na miaka 20,000 hivi iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda kaskazini, bahari ilishuka kwa takriban mita 120. Pemba, iliyotengwa na mkondo wa kina kirefu, ilibaki kisiwa. Unguja iliungana na bara, na mtu angeweza kuifikia kwa miguu. Kibo, bila kuongezewa hata jiwe moja, ilikuwa na mita 6,015.